Kitabu Cheupe na Kitabu Chekundu cha Wawelisi: nimevipitia vyote viwili mtandaoni, haya ndo maoni yangu

Wiki tatu sasa nikishafunga duka na kuhesabu mauzo nafungua laptopu naingia kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Welisi (Wales), ile iliyoko mji wa Aberystwyth, nakaa na kitabu kilichoandikwa kwa mkono mwaka 1350 hivi mpaka usingizi unichukue. Kiwelisi sikijui, najua maneno machache niliyookota humo humo njiani, lakini nimekaa nacho vya kutosha kuwaambia kama huduma yenyewe inafaa, inachokera ni nini, na uanzie wapi usije ukapotea kama nilivyopotea mimi siku ya kwanza. Bei yake ni bure. Hawakuombi imeili, hawakuombi kadi ya benki, we ni bando lako tu.

Kwa ambaye hajawahi kuzisikia hizi hadithi, ziko kumi na moja, za nathari, za Kiwelisi cha kale, na watu wamezoea kuziita kwa jina moja Mabinogion. Nne kati yake zinakwenda pamoja zinaitwa Matawi Manne: kuna ya Pwyll, ya Branwen, ya Manawydan na ya Math. Halafu kuna ya Culhwch na Olwen, ambayo Arthur, yule mfalme wa hadithi za Uingereza, yumo, na nguruwe pori mkali anaitwa Twrch Trwyth mwenye kitana na mkasi na wembe katikati ya masikio, watu wanamkimbiza nchi nzima wavitoe. Kuna ndoto mbili, ya Macsen na ya Rhonabwy, kuna ya Lludd na Llefelys, na tatu za mashujaa wa Arthur, Owain, Peredur na Geraint. Hakuna anayejua nani alizitunga, zilikuwa zinasimuliwa kwa mdomo kwanza na hata maandishi yenyewe yanaonyesha hivyo, kila saa unakutana na "heb ef" na "heb hi", yaani akasema huyu, akasema yule, unasikia kabisa sauti ya mtu anayesimulia watu wamemzunguka.

Na zimetufikia kwa sababu ya vitabu viwili tu hasa. Vipande vya zamani zaidi vipo, vya miaka ya 1200, lakini ni vipande. Hadithi nzima nzima utazikuta kwenye Kitabu Cheupe cha Rhydderch, wenyewe wanaita Llyfr Gwyn Rhydderch, na Kitabu Chekundu cha Hergest, Llyfr Coch Hergest. Ukifikiria hilo inatisha kidogo, maana kama nyumba mbili zingeungua moto basi Branwen tungebaki naye vipande tu.

Kabla sijafika kwenye miswada niseme kitu kuhusu kununua kitabu cha tafsiri, kwa sababu nimepigwa pesa hapo na sitaki mwengine apigwe. Niliagiza kwenye duka moja la mtandaoni, silitaji, kopi ya bei rahisi, picha ya jalada inavutia, ndani kumbe ni tafsiri ya Lady Charlotte Guest ya miaka ya 1838 mpaka 1849 imeskaniwa na kompyuta ikachapwa hivyo hivyo bila mtu kuipitia, majina yameharibika, Pwyll kwengine imekuwa Pwyli kwengine Pwvll, sentensi zinakatika katikati, ukurasa mmoja umerudiwa mara mbili. Tafsiri ya Guest yenyewe sina neno nayo, yule mama ndo aliyeifanya dunia izijue hizi hadithi na alijifunza Kiwelisi ukubwani akiwa na watoto, lakini kuna vitu aliona havifai kusomwa na watoto akavipunguza, na kiingereza chake ni cha kizamani mno. Nikauza ile kopi kwa bei ya karatasi nikanunua tafsiri ya Sioned Davies iliyotolewa na Oxford 2007, na hii naisifu bila kusita. Yule mama ni mtaalamu wa usimuliaji, kaitafsiri ili isomwe kwa sauti, na kweli nimeisoma kwa sauti na inakwenda. Maelezo nyuma yako ya kutosha. Kama utanunua kitu kimoja tu basi nunua hicho, mengine yote ninayosema hapa chini ni bure.

Sasa Kitabu Cheupe. Alama zake za maktaba ni Peniarth 4 na Peniarth 5, kwa sababu kitabu kimoja kiligawanyika kikafungwa mafungu mawili, na hapa ndo nilipopotea siku ya kwanza. Nilifungua Peniarth 5 nikawa napekua napekua natafuta Branwen, kumbe humo ni maandiko ya dini na visa vya mfalme Charlemagne. Hadithi ziko Peniarth 4. Andika hiyo namba mahali. Ukiifungua, safu ya kwanza kabisa inaanza moja kwa moja, hakuna dibaji wala salamu: "Pwyll pendeuic dyuet a oed yn arglwyd ar seith cantref dyuet", yaani Pwyll mkuu wa Dyfed alikuwa bwana wa wilaya saba za Dyfed. Mi nilipoisoma ile sentensi kwenye tafsiri haikunifanya chochote. Nilipoivuta karibu kwenye skrini nikaiona imeandikwa kwa kalamu ya unyoya juu ya ngozi, safu mbili kila ukurasa, herufi zimesimama sawasawa kama shanga, nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu huyu mtu aliyeandika alikuwa na mgongo unaouma na mkono unaochoka kama wangu nikimaliza kuandika madeni ya wateja, na bado hakuharakisha.

Picha ni safi sana. Unaweza kuivuta mpaka uone wino ulivyozama kwenye ngozi na mahali ulipofifia, na mistari ya kuongozea mkono. Waandishi waliokifanyia kazi walikuwa watano, na wataalamu wanaona kuna uwezekano mkubwa kiliandikwa kwenye monasteri ya Ystrad Fflur iliyoko Ceredigion, kwa ajili ya Rhydderch ab Ieuan Llwyd, bwana mmoja wa Parcrhydderch karibu na Llangeitho, mtu wa sheria na mpenzi wa ushairi. Unaposikia jina la kitabu lina jina lake ndani hivyo ndo sababu, na weupe ni wa jalada lake la zamani. Baadaye kikapita mikono mingi, kikaingia kwenye maktaba ya Robert Vaughan wa Hengwrt, yule mzee aliyekusanya vitabu vya Kiwelisi karne ya 17 wakati wengine wanavitupa, kikahamia nyumba ya Peniarth, mwishowe Sir John Williams, daktari aliyewahi kumtibu Malkia Victoria, akanunua mkusanyo mzima na kuitoa zawadi kwa maktaba ya taifa ilipoanzishwa 1907. Miswada ya Peniarth ni zaidi ya 500. Mtu alikuwa na uwezo wa kununua chochote akanunua hiyo akaigawa.

Kasoro. Ya kwanza, ukurasa wa picha hauna nukuu wala tafsiri pembeni, unapewa picha tu, na kama hujui unatazama wapi utakuwa unaangalia wino. Ya pili, kwenye simu ni tabu, picha ni nzito na ukivuta karibu inachukua muda kutulia, bando la siku linaisha hujafika popote, kwa hiyo tumia laptopu au nenda mahali penye waifai. Ya tatu, tovuti ni ya Kiwelisi na Kiingereza, na wao Kiwelisi ndo wanakiweka mbele, hilo mi silioni kasoro hata kidogo, nalitaja tu usije ukashtuka ukadhani umekosea linki.

Dawa ya ile kasoro ya kwanza ipo na ni bure pia. Chuo Kikuu cha Cardiff kina tovuti yake yenye nukuu za nathari ya Kiwelisi kutoka miswada ya 1300 mpaka 1425, wameandika herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye ngozi. We fungua madirisha mawili, huku picha ya Aberystwyth, huku nukuu ya Cardiff, na kitabu cha tafsiri kwenye mapaja. Ndivyo nilivyofanya na ndipo raha ilipoanza kweli.

Mfano wa raha yenyewe. Hilo jina Mabinogion ambalo kila mtu analitumia, mpaka kwenye majalada ya vitabu, limetoka kwenye neno moja lililoandikwa mara moja. Mwisho wa tawi la kwanza mwandishi anafunga kwa kusema hapa ndipo linapoishia tawi hili la "mabynnogyon". Matawi mengine matatu yanafungwa kwa "mabinogi" bila hiyo ncha ya mwisho. Kwa hiyo wataalamu wanasema huenda mkono uliteleza tu, jicho la mwandishi lilishika mwisho wa neno jengine lililo karibu, na hilo kosa la mkono mmoja likachukuliwa na Lady Guest likawa jina la hadithi zote kumi na moja. Mi nimeliona. Nimelitafuta mpaka nikalipata mwisho wa Pwyll, liko pale limetulia. Hakuna kitabu cha chapa kitakachokupa hiyo hisia.

Kitabu Chekundu sasa, hiki ni mali ya Chuo cha Jesus kule Oxford, namba 111, walipewa zawadi 1701, na kinatunzwa Bodleian, maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, ambao nao wameweka picha zake zote mtandaoni bure. Kimeandikwa kati ya 1382 na 1410 hivi. Ni likitabu likubwa, urefu kama sentimita 34, na humo hakuna hadithi tu, kuna historia, mashairi, methali, sarufi, mpaka dawa za waganga wa Myddfai. Yaani mwenye kitabu alitaka nyumba yake iwe na kila kitu ambacho Mwelisi msomi anatakiwa awe nacho, na mwenyewe alikuwa Hopcyn ap Tomas, tajiri wa Ynysforgan karibu na Swansea. Mwandishi wake mkuu ni Hywel Fychan. Wamemjuaje? Humo ndani hakusaini, ila kuna muswada mwengine wenye mkono huo huo, sasa hivi uko Philadelphia Marekani, na humo ameandika jina lake na kusema ameuandika kwa amri ya bwana wake Hopcyn. Basi wakalinganisha mwandiko. Nilipolisoma hili nilimfikiria Muhamadi Kijuma wa Lamu, maana kwetu pia ndivyo ilivyokuwa, tenzi ngapi tunazo leo kwa sababu yule mzee alikaa akazinakili kwa hati ya Kiarabu kwa wateja waliomlipa, na miswada yake sasa iko London na kwengineko Ulaya. Bibi yangu alikuwa na utenzi wa mkono kwenye kasha, mchwa waliufikia kabla yetu. Kwa hiyo mtu akiniuliza we Welisi inakuhusu nini, jibu langu ni hilo.

Tovuti ya Bodleian ni nyepesi kuliko ya Aberystwyth, kurasa zinageuka haraka na hata kwenye simu yangu haikukwama sana. Ila mwandiko wa Hywel unahitaji kuzoea. Kuna herufi yenye umbo kama tarakimu 6, nilihangaika nayo siku mbili nikidhani ni namba kweli, kumbe ni herufi ya kuandikia sauti ya w na v. Ukishaijua hiyo, maneno yanaanza kufunguka yenyewe.

Na lazima uwe na vitabu vyote viwili, usiridhike na kimoja. Kitabu Cheupe kimepoteza karatasi. Culhwch na Olwen kule imekatika, unasoma utamu umekolea halafu basi, hakuna tena, inabidi uhamie Kitabu Chekundu umalizie. Na Ndoto ya Rhonabwy iko Chekundu peke yake. Hiyo ndoto mi nimeipenda kwa sababu ya mwisho wake: inasema hakuna mshairi wala msimulizi anayeijua ndoto hii bila kitabu, kwa sababu ya wingi wa rangi za farasi na za silaha na mapambo na mashuka ya thamani na mawe ya nguvu. Na kweli ukiisoma ni rangi mwanzo mwisho, farasi wa rangi hii miguu rangi ile, nguo pindo za rangi nyengine. Kwa hiyo hadithi zote zile zimetoka mdomoni kuingia kwenye ngozi, halafu hii moja inasimama inasema mimi nataka kitabu, na ikabaki kwenye kitabu kimoja tu duniani. Nimeirudia hiyo sentensi ya mwisho mara nyingi.

Nikirudi kwenye hadithi zenyewe, usianze na Culhwch hata kama wanakwambia ndo ya kale, ina orodha ndefu ya majina ya watu wa Arthur itakuchosha. Anza na Pwyll na ukimaliza nenda Branwen. Kwenye Pwyll kuna pale Rhiannon anapita na farasi mweupe mwendo wa taratibu kabisa, na watu wa Pwyll wanamfukuza na farasi wakali hawamfikii, kadiri wanavyokaza ndivyo anavyozidi kuwa mbali na yeye habadilishi mwendo. Siku ya tatu Pwyll anafukuza mwenyewe, farasi wake anakaribia kufa, ndipo anapomwita, ewe binti, kwa ajili ya mtu unayempenda kuliko wote nisubiri. Naye anamjibu nitasubiri kwa furaha, na ingekuwa heri kwa huyo farasi kama ungeomba zamani. Mistari michache tu lakini mtu yuko hai pale mbele yako.

Branwen ndo inayouma. Kaolewa Ireland na mfalme Matholwch, na kaka yake wa mama mmoja, Efnysien, kwa hasira ya kutoulizwa kawakata farasi wa bwana harusi midomo na masikio na mikia na kope. Fidia ikalipwa, likatolewa na jungu la kufufua wafu, lakini anayefufuka humo hasemi tena. Huko Ireland mwaka wa kwanza anaheshimiwa, anazaa mtoto, halafu maneno yanaanza, ile aibu inakumbushwa, na adhabu inamwangukia yeye ambaye hakufanya kitu: anatolewa chumbani kwa mumewe anapelekwa jikoni kupikia watu, na kila siku mwuza nyama akishakata nyama anakuja na mikono ile ile anampiga kofi la sikio. Miaka mitatu. Na vyombo vyote vimezuiwa kuvuka bahari ili kwao wasijue.

Ndipo anamlea kwezi. Kifaranga cha kwezi, anamweka kwenye ukingo wa chano cha kukandia unga, anamfundisha maneno, anamweleza kaka yake mkubwa Bendigeidfran anafananaje. Anaandika barua ya mateso yake anaifunga kwenye shina la mabawa, anamwachia. Ndege anavuka bahari, anamkuta Bendigeidfran kwenye baraza la watu huko Arfon, anatua begani kwake, anakung'uta manyoya mpaka barua inaonekana. Ukurasa huu nimeuweka alama kwenye laptopu, Peniarth 4, na nimeuvuta mpaka mwisho wa uwezo wa picha. Hakuna mchoro wa ndege, hakuna pambo, ni safu mbili za wino tu kama kurasa nyengine zote.

Nyota naipa maktaba ya Aberystwyth nne na nusu, nusu nimeitoa kwa ajili ya ile tabu ya simu. Oxford nne, picha ni nzuri ila kujua hadithi ipi iko karatasi gani imenibidi nitafute kwengine. Tafsiri ya Davies tano. Nukuu za Cardiff tano pia, japo sura ya tovuti ni ya kazi kazi, haikuwekwa kwa ajili ya mtu wa kawaida kama mimi na bado imenifaa.

Juzi Ijumaa nilimsomea mama tawi la Branwen sebuleni, natafsiri Kiswahili papo hapo, polepole, chai imepoa. Yeye ni mtu wa hadithi, hakatizi. Vita alivisikiliza tu, daraja la Bendigeidfran alipolaza mwili wake mtoni jeshi likapita juu yake akasema ee, kichwa chake kilichokatwa kikaendelea kuzungumza na wenzake miaka themanini hakusema kitu. Tulipofika wale saba waliorudi hai, na Branwen anageuka anatazama Ireland na anatazama kwao, moyo unapasuka, anazikwa kwenye kaburi la pembe nne ukingoni mwa mto Alaw, akaniuliza yule kwezi je, alirudi kwake? Nikaangalia kwenye kitabu, nikafungua na picha nikatafuta, nikamwambia mama hapa haijaandikwa. Akasema rudia pale anapomfundisha maneno. Nikarudia.